Kunoki

Mkanda wa taimingi ukikatika, mafundi wengi hutoa hukumu kwa neno moja: "Imenoki." Lakini injini hunoki pale oili inapokosekana, beringi za krenki zikasagika na chuma kikaanza kugonga chuma. Mkanda ukikatika, kemshafti husimama, baadhi ya valvu hubaki wazi, na katika injini nyingi pistoni huzigonga na kuzipinda. Mara nyingi kinachohitaji kazi hapo ni hedi, si injini nzima. Na zipo injini zisizodhurika kabisa. Mwombe fundi avalishe mkanda mpya, azungushe krenki kwa mkono, kisha apime kompresheni ya kila silinda. Neno "imenoki" lisitangulie vipimo, maana humtia mwenye gari gharama ya injini nyingine.