Kutoka Mwalimu hadi Halmashauri: Walei wa Ukanda wa Lugoba katika Uongozi wa Kanisa

Historia ya Kanisa Katoliki katika ukanda wa Lugoba imezoeleka kuandikwa kama historia ya mapadre. Msamiati wa waumini wenyewe, hata hivyo, unasimulia mengine.

Wamisionari wa Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo mwaka 1868, na mwaka 1881 wakaanzisha misheni ya Mandera, upande huohuo wa Lugoba. Mapadre walikuwa wachache na vijiji vimetawanyika. Aliyefundisha wakatekumeni, kuongoza sala za Jumapili pasipo padre na kubatiza mahututi alikuwa mlei, naye aliitwa mwalimu. Ni jina lilelile ambalo watu wa mwambao walikwisha kumpa mwalimu wa chuo cha Kurani. Hakuwa na daraja takatifu. Heshima yake ilitokana na elimu na kuishi kwake miongoni mwa watu.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano (1962–1965) uliipa nafasi hiyo msingi wa kiteolojia: kila mbatizwa anashiriki utume wa Kanisa. Mwaka 1976 maaskofu wa AMECEA waliazimia kuzijenga jumuiya ndogondogo za Kikristo. Nchini Tanzania, jumuiya hizo ndizo ngazi ya chini ya muundo unaopanda hadi kigango, parokia na jimbo, pamoja na halmashauri za walei.

Hapa ndipo neno linapozua suala. Katika utawala wa nchi, halmashauri ya wilaya hupitisha bajeti na kutunga sheria ndogo. Katika Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 536 inalipa baraza la kichungaji la parokia kura ya ushauri tu. Muumini anayezijua halmashauri zote mbili hutumia neno moja lenye vipimo viwili. Ni kweli kwamba shauri ni nasaha; lakini Mswahili asemapo "shauri lako" humkabidhi mwenziwe uamuzi pamoja na matokeo yake.

Utata huo si wa Waswahili peke yao. Hati ya mwisho ya Sinodi, iliyotolewa Oktoba 2024, ilitaka mabaraza ya ushiriki yawe ya lazima, na kifungu cha "ushauri tu" kichunguzwe upya. Kwa waumini ambao wazee wao walilelewa katika imani na mwalimu, mageuzi hayo si ugeni. Kilichobaki ni sheria kulifikia neno ambalo lugha imekwisha kulitamka.