Goti Limekulemea? Soma Hii Kabla Ununue Kopo la Tembe za Gegedu

Uliumia goti ukicheza boli pale Alaskan, Malindi, ama Karisa Maitha huko Kilifi. Wiki tatu baadaye bado linafura kila ukikimbia, na kuna msee wa gym ashakushow ako na kopo la tembe za "kurudisha gegedu". Tulia kwanza. Usitume doo bado.

Gegedu ni ile kitu nyeupe unatafuna mwisho wa mfupa wa kuku. Kazi yake ni kuzuia mifupa isisuguane. Shida ni kwamba haina mishipa ya damu. Msuli ukichanika, damu inaleta vifaa vya ukarabati chap chap, lakini gegedu inangoja lishe ipenye polepole kutoka kwa ute wa kiungo, na ute huo unasukumwa na mwendo. Ndiyo maana kulala tu miezi miwili hakusaidii. Na hakuna tembe imethibitishwa kuotesha gegedu mpya kwa goti la mchezaji.

Ndani ya makopo mengi utapata glukosamini na kondroitini. Mwaka wa 2006 Marekani walichapisha utafiti wa watu 1,583 wenye magoti yaliyochakaa: kwa jumla, waliokula hizo tembe hawakupata nafuu kushinda waliopewa tembe zisizo na dawa. Wachache waliokuwa na maumivu makali walionekana kusaidika kidogo. Hao hata hawakuwa wanamichezo wa miaka 20. Tena glukosamini nyingi hutolewa kwa maganda ya kaa na kamba, ndugu za wale kaa unakula Dabaso, so kama ukila kamba unafura mdomo, hiyo kopo si yako. Kama unatumia warfarini, pia wachana nayo.

Kolajeni ina matumaini kiasi. Utafiti wa 2017 ulipea vijana wanane gelatini gramu 15 na vitamini C, saa moja kabla ya kuruka kamba, na dalili za mwili kutengeneza kolajeni zikapanda kwa damu. Ni watu wanane tu, na hakuna goti lililopimwa kama limepona. Kwa bei ya kopo moja utapika supu ya miguu ya ng'ombe mara kadhaa, ushushie na mapera ama maembe. Ongeza samaki na mbaazi, maana msuli wa paja ukikonda goti ndilo linabeba mzigo.

Kwa wale mnashindana, hapa ndipo noma. Glukosamini haijapigwa marufuku, lakini kopo la vichochoroni linaweza kuwa limechanganywa na steroidi, na ADAK ikikupima, kilicho mwilini mwako ni chako. Sindano za goti nazo: tangu 1 Januari 2022, WADA imekataza zile za glukokotikoidi wakati wa mashindano, hata zikidungwa ndani ya kiungo. Moja yao, triamsinoloni, imeangusha wakimbiaji kadhaa wa Kenya. Mwambie daktari unashindana kabla hajashika sindano, ndio muombe kibali mapema kama unaihitaji.

Doo yako ipeleke kwa fizio kwanza. Akikuruhusu, ingia baharini maji yakufike kiunoni na utembee. Maji yanabeba uzito, goti linasonga bila kupigwa. Lakini goti likikwama halikunjuki, ama likikuachilia ukishuka ngazi, wahi hospitali wiki hii.