Mavi ya Chuma Si Takataka

Jumamosi moja nilikwenda Janga, wilayani Kibaha, kumwona shemeji yangu anayejenga. Vijana waliokuwa wakichimba msingi walikuwa wametoa mawe meusi, mazito, yenye matundumatundu kama mkate ulioungua. Shemeji akaagiza yakafukiwe kwenye mashimo ya barabarani. Mzee mmoja jirani akanivuta pembeni. "Mwanangu," akasema, "hayo si mawe. Hayo ni mavi ya chuma."

Mimi ni mtangazaji, si mtaalamu. Sikuweza kumkubalia wala kumkatalia. Lakini usiku ule usingizi ulikuja kwa shida.

Mavi ya chuma ni taka inayobaki udongo wenye chuma unapochomwa tanuruni kwa makaa. Chuma chenyewe huyeyuka kwa joto la nyuzi 1,538, na wahunzi wa kale hawakuhitaji kufika huko. Kwa nyuzi 1,200 hivi taka iliyeyuka ikatiririka, chuma kikabaki bonge la kufuliwa kwa nyundo. Hewa ilisukumwa kwa mifuo kupitia mirija ya udongo. Basi ukiona mavi hayo pamoja na vipande vya mirija, jua kwamba hapo palikuwa na kiwanda.

Na viwanda hivyo vilikuwapo kwetu. Katika miaka ya 1980, Mtanzania Felix Chami alichimba mahali paitwapo Limbo, wakati huo ndani ya Wilaya ya Kisarawe. Alikuta mabaki ya uyeyushaji wa chuma pamoja na vigae vya vyungu vya karne za mwanzo baada ya Kristo. Hiyo ni miaka mia kadhaa kabla ya misikiti ya mawe ya Kilwa. Wengi wetu tulifundishwa shuleni kwamba pwani hii iliamshwa na wageni kutoka Uarabuni na Uajemi. Chami alishikilia kwamba mizizi ya ustaarabu wa pwani ni wakulima wafua chuma wa hapa hapa. Kwa kazi hiyo alipata shahada ya udaktari mwaka 1994.

Aliipata wapi? Chuo Kikuu cha Uppsala, Uswidi! Waswidi wanajua thamani ya taka hii. Babu zao walikusanya udongo wa chuma kwenye mabwawa na maziwa, wakauchoma katika matanuru madogo, kama babu zetu. Leo wataalamu wao hupima mavi ya chuma kwenye maabara, wakajua joto la tanuru na aina ya udongo uliotumika. Hata jirani zao wa Norwe wamefika kwetu: Randi Haaland wa Bergen alichunguza na Cosmas Msuya mabaki ya wafua chuma wa Dakawa, Morogoro.

Chuma cha pwani yetu kilisifika mbali. Katika karne ya 12 mwanajiografia al-Idrisi aliandika kwamba watu wa Malindi walichimba chuma na kukiuza, na kwamba chuma cha Sofala kilipelekwa India. Baadaye majembe ya bei nafuu kutoka Ulaya yaliizima mifuo yetu, na wajukuu wa wahunzi wakaamini kwamba chuma ni kitu cha mzungu.

Sasa viwanja vinapimwa Kibaha na Kisarawe kila siku. Simlaumu anayejenga, kila mtu anahitaji pa kulala. Lakini Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inavilinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863. Ukikuta mawe meusi ya namna hiyo, usiyaondoe. Mwite mwenyekiti wa mtaa, naye apeleke habari kwa Idara ya Mambo ya Kale.

Nilirudi Janga siku ya pili yake. Shimo la barabarani lilikuwa limeshashindiliwa, magari yanapita juu. Shemeji alinitunzia jiwe moja. Ninalo hapa mezani, nalo ni zito kuliko linavyoonekana.