Fidia ya Mabomu ya 1998: Waliolipwa na Walioachwa

Asubuhi ya Mei 21, 1996, meli ya MV Bukoba ilizama ikikaribia Mwanza, ikitokea Bukoba kupitia Kemondo. Mamia walikufa maji. Misiba ikatanda kuanzia Bukoba mjini hadi Muleba. Miongoni mwa waliozama alikuwamo Abu Ubaidah al-Banshiri, kamanda wa kijeshi wa al-Qaeda, aliyekuwa akijenga mtandao wa kundi hilo Afrika Mashariki.

Mtandao huo haukufa naye. Agosti 7, 1998, mabomu yalilipuka kwenye balozi za Marekani mjini Nairobi na Dar es Salaam, yakaua watu 224. Dar es Salaam walikufa 11, na hakuna Mmarekani hata mmoja kati yao.

Sheria ya Marekani ya 1996 iliruhusu kuzishtaki serikali zilizotajwa kufadhili ugaidi. Ya 2002 ikafungua njia ya kulipa fidia kutokana na mali zao zilizozuiwa. Sudan, iliyomhifadhi kiongozi wa al-Qaeda, Osama bin Laden, hadi 1996, ilishtakiwa pamoja na Iran. Mwaka 2011 mahakama ya Washington iliamua kwamba nchi hizo zinawajibika, na kufikia 2014 fidia iliyoamriwa ilipita dola bilioni 10.

Kushinda kesi ni jambo moja, kulipwa ni jingine. Mwaka 2020, baada ya Rais Omar al-Bashir kupinduliwa, Sudan ilikubali kutoa dola milioni 335 ili iondolewe kwenye orodha ya wafadhili wa ugaidi. Katika mgawanyo uliopangwa, familia ya mtumishi Mmarekani wa ubalozi aliyeuawa ilitengewa dola milioni 10. Ya mtumishi asiye Mmarekani, dola 800,000. Mwananchi aliyekuwa akipita barabarani hakuwamo kabisa, kwa sababu sheria ya Marekani inawatambua raia wa nchi hiyo, watumishi na wakandarasi wa serikali yake, pamoja na familia zao.

Mkoa wa Kagera, zilipo Bukoba na Muleba, unalijua jeraha la namna hii la kuachwa bila haki. Mwaka 1978 majeshi ya Idi Amin, mtawala wa Uganda, yalivuka mpaka, yakaua raia, yakapora mifugo na kubomoa daraja la Kyaka. Amin alifia Jeddah mwaka 2003 bila kufikishwa kizimbani.

Uhai wa mtu haupaswi kupimwa kwa pasipoti wala kwa mwajiri. Wananchi wa kawaida hawawezi kuibana dola ya kigeni peke yao. Serikali zetu ndizo zenye wajibu wa kuwadaia, na kuhakikisha makubaliano yajayo yanamhesabu kila aliyejeruhiwa.