Mlipuko wa ugonjwa wa mifugo: Je, farasi wazuiwe kusafiri?

Ugonjwa wa miguu na midomo huwapata wanyama wenye kwato zilizogawanyika, kama vile ng'ombe, kondoo, mbuzi na nguruwe. Farasi haugui, lakini virusi huweza kusafiri katika tope la kwato zake, magurudumu ya gari limbebalo na viatu vya wamtunzao.

Ugonjwa huo ulipozuka Uingereza Februari 2001, mbio za farasi zilisitishwa kwa siku saba, kisha zikaruhusiwa kwa masharti. Mashindano ya Cheltenham yalifutwa; yale ya Aintree yalifanyika Aprili. Jirani yake, Ireland, ilisimamisha mbio kwa wiki kadhaa, hatua iliyowagharimu wenye farasi na wachungaji wao.

Uingereza iliwachinja wanyama zaidi ya milioni 6. Katika Jamhuri ya Ireland, ugonjwa ulithibitishwa mahali pamoja tu, Kaunti ya Louth. Tofauti hiyo haikuletwa na zuio la farasi peke yake: Ireland ilidhibiti pia mifugo, bandari na mikusanyiko ya watu.

Kwa hiyo, hoja si afya ya farasi, bali atokako. Anayeishi zizi moja na ng'ombe au kondoo hana budi kubaki. Atokaye mbali na mifugo aweza kuruhusiwa, baada ya kwato na gari kusafishwa kwa dawa.