Pishi ya Fitri, Bakuli la Kangomba

Bibi yangu, aliyekuwa na kiduka Mikindani, hakumwita mtu mwombaji. Kati ya Januari na Machi, muhogo umekwisha na mahindi bado machanga, watu walitelemka kutoka Nanyamba na Tandahimba. Yeye alisema tu, "Wamekuja kuhemea." Wengine walishukia bonde la Ruvuma, Kitaya na Mahurunga, wakapalilia mpunga wa watu na kulipwa chakula.

Hawakuja mikono mitupu. Mmoja alileta fungu la ming'oko aliyochimba porini, mwingine mzigo wa kuni. Walikaa barazani, zikaulizwa habari za wagonjwa na waliofiwa, njaa haikutajwa. Kisha bibi aliingia ndani kuwajazia vikapu kwa mkono. Kibaba, alisema, ni cha mnunuzi.

Wenye maduka makubwa hawakuwa wepesi hivyo. Hao aliwangoja Ramadhani. Fitri kwetu ni pishi ya chakula kwa kila kichwa, yaani vibaba vinne, nayo hutolewa kabla ya sala ya Idi. Jirani mmoja tajiri alikuwa akipima kibaba cha mfuto, anakisawazisha kwa kiganja hadi punje ya mwisho. Bibi akamuuliza mbele za watu: "Mwanangu, na riziki yako ungependa Mungu aifute hivyo?" Tangu siku hiyo jirani huyo alipima kibaba cha tele, ingawa kwangu mimi mtoto alikuwa na uso wa mtu anayeng'olewa jino.

Halafu ikaja korosho. Mkorosho wenyewe ni wa zamani, uliletwa na Wareno kutoka Brazili, lakini fedha yake ni ya juzi. Msimu wa 1973/74 nchi ilivuna tani 145,000 hivi; kufikia 1986/87 hazikufika 20,000. Ubwiri unga ulishambulia maua, na watu walikuwa wamehamishiwa vijiji vya ujamaa, mbali na mikorosho yao. Zao lilipofufuka, fedha ilipatikana Oktoba hadi Desemba. Njaa ikabaki Februari. Basi mwenye shida akawa anauza korosho hata kabla mikorosho haijatoa maua: anachukua unga leo, analipa msimu ukifika, kwa bakuli la kangomba linalozidi kilo lakini huhesabiwa kilo.

Mimi pia nilikopesha kwa bakuli hilo, msimu mmoja. Nilipata faida, na kwa muda mrefu nilikwepa kupita mlangoni kwa mama niliyemkopesha.

Novemba 2018 serikali ya Rais Magufuli iliamua kununua korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, wanajeshi wakaisomba, na asiyeweza kuonyesha shamba akashukiwa kuwa mtu wa kangomba. Bakuli likafichwa uvunguni. Unga wa Februari hakuna aliyeuleta.

Wenye maduka wenzangu wa Mtwara na Mikindani, mvua zikianza watu watakuja tena. Mkishindwa kutoa, kopesheni kwa kilo iliyo kilo.