Treetops: Mugumo, Malkia na Moto wa 1954

Waandishi wengi wa historia ya Treetops, hoteli iliyojengwa ndani ya msitu wa Nyandarua karibu na Nyeri, huanza na usiku wa tarehe 5 Februari 1952. Elizabeth wa Uingereza, husema, alipanda ngazi akiwa binti wa mfalme, akashuka akiwa malkia. Jambo hilo halithibitishiki. Mfalme George wa Sita alifia usingizini huko Sandringham na saa ya kifo chake haikujulikana. Binti yake alipata habari mchana wa tarehe 6, akiwa Sagana Lodge, baada ya kuondoka Treetops. Aliyeandika madai hayo katika daftari la wageni la Treetops ni Jim Corbett, mwindaji mzee aliyehamia Nyeri kutoka India, na maneno yake yamenakiliwa hadi leo bila kuhojiwa.

Hoteli yenyewe ilianza 1932, Eric Sherbrooke Walker, mwenye hoteli ya Outspan, alipojenga vyumba viwili juu ya mugumo ili wageni wawatazame tembo na vifaru wakija kulamba chumvi usiku. Mugumo! Kwa Wagikuyu huo ni mti wa sadaka, wazee huomba chini yake wakielekea Kirinyaga, yaani Mlima Kenya. Masimulizi ya kitalii huutaja kama mti mkubwa tu.

Mei 1954 nyumba hiyo iliteketezwa, na hapa ndipo ninapotaka tukawie. Vitabu vya walowezi vinauita moto ule uharibifu wa magaidi, kisha vinafungua ukurasa mwingine. Siwezi kuupokea ufupi huo. Msitu mzima ulikuwa umetangazwa eneo lililokatazwa, na aliyeonekana humo aliweza kupigwa risasi. Tangu Novemba 1953 ndege za Lincoln zilikuwa zikiuangushia mabomu. Wanavijiji walilazimishwa kuchimba handaki kando ya msitu ili chakula kisiwafikie wapiganaji wa Mau Mau. Na Treetops, iliyotazama dimbwi na njia za wanyama, inasimuliwa kuwa askari wa King's African Rifles waliigeuza kituo cha ulinzi. Kwa mpiganaji aliyekuwa chini, hiyo haikuwa hoteli tena.

Ajabu ni kwamba ushahidi wa upande wa pili upo, umechapishwa tangu 1966. Karari Njama, mwalimu aliyeingia Nyandarua na kuwa katibu wa Dedan Kimathi, kiongozi wa wapiganaji hao, alisimulia maisha ya msituni katika kitabu *Mau Mau from Within*, alichokiandika pamoja na Donald Barnett. Humo kuna Bunge la Kenya ambalo wapiganaji waliliunda Februari 1954, kumbukumbu za mikutano, vyeo, nidhamu na mabishano makali ya viongozi. Ndani ya msitu huohuo upo mugumo uitwao Posta ya Kimathi, ambako wapiganaji waliachiana barua. Anayetaka kuuelewa moto wa Treetops aanze kwa Njama, kisha ndipo amfikie Corbett.

Treetops mpya ilisimamishwa juu ya nguzo, ng'ambo ya dimbwi, mwaka 1957. Tarehe 18 Februari mwaka huohuo Kimathi alinyongwa katika gereza la Kamiti. Wageni wakarudi na darubini zao, lakini vita havikuwa vimewatoa wote msituni. Muthoni wa Kirima, mwanamke aliyepewa cheo cha Field Marshal, aliendelea kuishi katika misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya hadi nchi ilipopata Uhuru, Desemba 1963.